Boga lenye sura ya mutu: desturi ya nani, na ya tangu lini?



Mwezi wa kumi, miaka michache iliyopita, kijana mumoja wa kelasi ya pili alichora boga kwenye kifuniko cha daftari yake. Boga lile lilikuwa na macho mawili ya pembe tatu, pua ndogo, na kinywa kipana chenye meno ya kuhesabu. Alikuwa ameiga picha ya filme ya Wamarekani aliyoiona kwenye televizyo ya jirani. Mwalimu mumoja alikamata ile daftari, akaipeleka kwa prefe, na kabla ya saa sita mutoto alikuwa amekwisha kupewa jina la "mutu wa giza". Wazazi wakaitwa.

Kwenye mukutano wa walimu, wengine walisema: "Ile njo ibada ya shetani, Wazungu wanaifanyaka usiku." Mwenzetu mwingine, aliyetaka kumutetea kijana, alijibu: "Hapana, ile ni mila ya mababu wa Ulaya, iko na miaka elfu mbili, tuiheshimu tu." Sisi tulikuwa pale, na tulinyamaza. Hatukuwa na jibu, tena tuliogopa kuonekana watu wazima wanaogombania boga. Kijana alifukuzwa juma moja, na wenzake wa kelasi waliendelea kumukimbia hata baada ya kurudi.

Kunyamaza kule kulituuma. Tukaanza kusoma na kuuliza. Katika kurasa hizi tunataka kupima yale maneno mawili yaliyosemwa ku mukutano: neno la "shetani" na neno la "miaka elfu mbili". Tutaonyesha kwamba yote mawili hayasimami, na kwamba kosa lao ni moja.

1. Tuanze na boga lenyewe

Wengi wanazungumza juu ya desturi hii bila kujiuliza swali la mukulima: ile mbegu ilitoka wapi? Boga la rangi ya machungwa linalochongwa kule Marekani, wataalamu wa mimea wanaliita Cucurbita pepo. Mbegu za kale kabisa za jamii hii zilizopandwa na watu zilipatikana Mexico, ndani ya pango la Guilá Naquitz, katika jimbo la Oaxaca. Mwaka 1997 mutaalamu Bruce Smith alitangaza kwamba zile mbegu ziko na umri wa miaka karibu 10.000. Kwa hiyo boga ni mutoto wa Amerika. Watu wa Ulaya hawakulijua mpaka Christophe Colomb alipovuka bahari mwaka 1492.

Hata kwetu lilifika kwa njia hiyo ya bahari, sawasawa na mahindi na mihogo tunayokula kila siku. Kilicho cha kale katika Afrika ni kibuyu, ambacho ni ndugu wa mbali wa boga: kile tunachokikausha, tunakitoboa, tunachotea maji, na wengine wanakifanya chombo cha muziki.

Sasa tufanye hesabu. Wanaosema "miaka elfu mbili" wanataja Wakelti, watu wa kale wa Ireland na Scotland. Mukelti wa miaka 2.000 iliyopita angetoa boga wapi? Kati yake na shamba la Mexico kulikuwa bahari nzima ambayo hakuna mutu wa kwao aliyeivuka. Mutoto wa kelasi ya sita anaweza kuona kwamba hapa hesabu haitoki.

2. Kabla ya boga: nave

Wenye kujua kidogo zaidi watatujibu: "Ndiyo, zamani halikuwa boga, ilikuwa nave." Hapa tuwape haki yao. Nave ni muzizi mugumu, mweupe ndani, unaolimwa katika inchi za baridi, na Ulaya iliujua tangu zamani sana. Watu wa Ireland, wa Scotland na wa sehemu fulani za Uingereza walikuwa wakikwangua nyama yake ya ndani kwa kijiko au kisu, wanatoboa macho na kinywa, wanaweka kipande cha mushumaa. Katika kijiji cha Hinton St George, jimbo la Somerset, watoto wanatembea na taa za namna hiyo siku ya Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa kumi. Za kwao zilikuwa za muzizi mukubwa unaolimwa kwa ajili ya ngombe.

Ushahidi unaotugusa sana sisi walimu uko katika makumbusho ya maisha ya kijijini kule Turlough Park, jimbo la Mayo, Ireland. Kuna sura moja ya plasta, ndogo, ya kutisha kweli: uso umekunjamana kama wa muzee aliyeonja dawa chungu, na meno yamebaki machache. Ilitengenezwa mwaka 1943 kwa kuiga taa ya nave iliyopelekwa na mwalimu wa shule kutoka Fintown, jimbo la Donegal. Mwalimu yule alieleza kwamba karibu miaka 40 ilikuwa imepita tangu watu wa pale waache kutengeneza taa kama zile, lakini walikuwa bado wanazikumbuka. Kwa vile nave inaoza, makumbusho yaliiga sura kwa plasta ili ikae.

Tuangalie vizuri kile ambacho mwalimu huyu alifanya. Hakusema "mababu wa kale sana". Alisema: kijiji fulani, kitu fulani, karibu miaka 40. Namna hii ya kusema inaweza kuchunguzwa. Lakini kutoka kwake mpaka kwa Wakelti wa miaka 2.000 iliyopita kuna shimo kubwa, na watu wengi wanaliruka kwa muguu mumoja bila kuangalia chini.

Kuna shahidi mwingine. Robert Burns, mutunga mashairi mukubwa wa Scotland, aliandika mwaka 1785 shairi refu juu ya usiku wa Halloween katika vijiji vya kwao. Aliongeza na maelezo yake mwenyewe ili musomaji mugeni afahamu. Ndani yake muna vijana wanaongoa mboga shambani usiku ili kujua sura ya muchumba, muna njugu zinachomwa motoni, muna musichana na tofaa mbele ya kioo. Taa ya nave yenye sura ya mutu haimo. Hatusemi kwamba hii inathibitisha kuwa haikuwako popote. Tunasema tu kwamba mutu aliyekusanya desturi za usiku ule kwa uangalifu mukubwa hakuiweka ndani, na wale wanaotuambia taa hii njo kiini cha sikukuu tangu Wakelti wanapaswa kutueleza juu ya nini.

3. Hadithi ya Jack

Taa hii kwa Kiingereza inaitwa "Jack wa taa", na watu wanaeleza jina hilo kwa hadithi. Tuisimulie kwa ufupi.

Jack alikuwa mulevi, muchoyo, mwenye akili ya kudanganya. Siku moja alikunywa pamoja na Shetani, na wakati wa kulipa akamushawishi Shetani ajigeuze kuwa feza. Jack akatia ile feza mufukoni, karibu na musalaba, na Shetani akashindwa kutoka. Akaachiliwa kwa sharti. Mara nyingine Jack akamupandisha juu ya muti wa matunda, kisha akachora musalaba kwenye shina, na Shetani akakwama tena mpaka akaapa kwamba hataichukua roho ya Jack. Jack alipokufa, mbinguni walimukataa juu ya matendo yake. Ku motoni vilevile hawakumupokea, juu ya kile kiapo. Shetani akamutupia kaa moja la moto, Jack akalitia ndani ya nave aliyoichimba, na tangu siku ile anazunguka usiku bila fasi ya kulala.

Ni hadithi nzuri, tunaipenda. Inatufundisha kwamba mwenye kudanganya kila mutu hubaki bila mulango wa kugonga. Lakini kama chanzo cha desturi, haisimami, na sababu ni tatu.

Ya kwanza: ndani yake muna musalaba, muna Shetani, muna mbingu na moto wa milele. Hivi vyote ni vitu vya Wakristo. Namna gani hadithi ya watu walioishi kabla ya Ukristo itajengwa yote juu ya musalaba? Mwenye kusema ni ya Wakelti wapagani hakuisoma mpaka mwisho.

Ya pili: hadithi ya mutu anayemushinda Shetani kwa akili na kisha kukosa pa kwenda iko Ulaya nzima. Mara nyingi mutu huyo ni muhunzi. Hadithi ilikuwako bila nave, na nave iliingizwa tu mwishoni ili kueleza taa.

Ya tatu ni jina lenyewe. Uingereza, katika karne ya 17, "Jack wa taa" lilikuwa jina la mulinzi wa usiku anayetembea na taa. Lilikuwa pia jina la ile mianga midogo inayoonekana usiku juu ya maji ya matope. Jina lilitangulia, hadithi ya nave ikafuata nyuma. Hata sisi tunajua hadithi za namna hii. Babu anapotueleza kwa nini gamba la kobe liko na mistari, anatufundisha tabia, haandiki historia ya kobe. Kosa si la musimulizi. Kosa ni la musomaji anayekamata hadithi ya jioni na kuifanya cheti cha kuzaliwa.

4. Na shetani je?

Tufike kwa neno la pili la mukutano. Jina Halloween maana yake ni usiku wa kuamkia sikukuu ya Watakatifu Wote, yaani tarehe 31 ya mwezi wa kumi. Tarehe 1 ya mwezi wa kumi na moja ni ile ile Toussaint tunayoisali hapa kwetu katika parokia zetu. Kanisa la Roma liliiweka tarehe hiyo kati ya karne ya 8 na ya 9. Kukumbuka marehemu wote tarehe 2 kulitokea monasteri ya Cluny, Ufaransa, wakati wa abati Odilo, karibu na mwaka 1000.

Ni kweli kwamba watu wa Ireland walikuwa na Samhain, sikukuu ya mwanzo wa majira ya baridi, tarehe 1 ileile, na maandiko ya Ireland ya zamani yanaitaja mara nyingi. Ilikuwa wakati wa kurudisha mifugo, wa makusanyiko ya wafalme, na katika masimulizi, wakati ambapo viumbe vya upande mwingine vinakaribia watu. Lakini mwanahistoria Ronald Hutton, aliyechunguza kalenda ya Uingereza na Ireland katika kitabu chake cha mwaka 1996, ameonyesha kwamba hakuna uthibitisho kuwa ilikuwa sikukuu ya wafu kabla ya Ukristo. Mambo mengi ya wafu tunayoyaona katika Halloween yametoka kwa Kanisa lenyewe.

Na ile sura? Kule Ireland wazee walisema iliwekwa dirishani au barabarani ili kutisha, ama roho mbaya, ama jirani anayerudi kutoka kunywa. Tukubali yote mawili. Mutu anayefunga mbwa mukali mulangoni, je, anaabudu mwizi? Sura ya kufukuza kibaya si ibada ya kibaya. Sisi wenyewe tarehe 1 Agosti, sikukuu ya wazazi, tunakwenda ku makaburi na jembe, tunalima majani, tunaweka maua, halafu tunarudi nyumbani kula pamoja. Mugeni akipita na kutuandika kwamba tunaabudu mifupa, tutakasirika, tena kwa haki. Basi tusimufanyie mwingine kile tusichotaka tufanyiwe.

5. Marekani, na kosa la wenye elimu

Kuna masimulizi ya tatu, ya wenye elimu, na sisi pia tuliyaamini: kwamba Wairlandi walikimbia njaa kubwa ya miaka 1845 mpaka 1852, iliyoua watu karibu milioni moja na kufukuza wengine zaidi ya milioni moja, wakafika Marekani, wakakosa nave, wakachonga boga. Ni masimulizi safi. Lakini hata hayo yanahitaji kupunguzwa.

Mushairi John Greenleaf Whittier alizaliwa mwaka 1807 katika jimbo la Massachusetts. Katika shairi lake juu ya boga, la katikati ya karne ya 19, anakumbuka utoto wake, wakati yeye na wenzake walipochonga sura mbaya kwenye ngozi ya boga na kuweka mushumaa ndani. Hesabu tena: utoto wake ulikuwa kabla ya mwaka 1825, yaani miaka 20 na zaidi kabla ya ile njaa. Na shairi lake si la Halloween, ni la sikukuu ya kushukuru mavuno. Kwa hiyo taa ya boga ilikuwa kwanza muchezo wa watoto wa wakulima wakati wa mavuno. Mwaka 1866 gazeti moja la Kingston, katika Ontario, Canada, linataja maboga mengi yaliyochongwa na kuwashwa kwa ajili ya usiku wa Halloween. Wairlandi na Wascotland walileta usiku wao, walikuta boga limekwisha kuwa na macho, vitu viwili vikaoana.

Mufano mwingine wa namna watu wanavyoongeza chumvi uko katika hadithi ya Washington Irving ya mwaka 1820, ile ya mupanda farasi asiye na kichwa. Anayefukuzwa usiku, tuseme kwa huzuni, ni mwalimu mwenzetu, Ichabod Crane. Asubuhi watu wanakuta kofia yake, na kando yake boga lililopasuka. Irving hakuandika kwamba lilikuwa na macho. Hakuandika kwamba liliwaka. Ni filme ya Disney ya mwaka 1949 iliyomupa mupanda farasi boga lenye sura na moto ndani. Leo watu wanasoma kitabu na wanaona moto ambao mwandishi hakuuwasha.

6. Tunayoyasifu na tunayoyakataa

Baada ya kuondoa umri wa uongo na shetani wa uongo, desturi yenyewe tuihukumu namna gani?

Tunaisifu kwa sababu ni kazi ya mikono ya nyumbani. Baba anashika kisu, mutoto anatoa mbegu, mutoto mudogo anachagua kama sura itacheka au italia. Kisha taa inawekwa mulangoni ili jirani aione. Muji wa Keene, katika New Hampshire, siku moja ya mwezi wa kumi mwaka 2013 uliwasha maboga 30.581 kwa pamoja. Tena kumufundisha mutoto kwamba kitu anachokiogopa gizani anaweza kukichonga mwenyewe na kukizima kwa pumzi, ni malezi mazuri.

Tunachokikataa ni chakula kutupwa. Katika miaka ya 1960, mukulima mumoja wa Massachusetts aliyeitwa Howden alitoa aina ya boga lenye shina nene la kushika, ngozi nzuri na umbo la duara. Aina ile ilienea sana kwa kuchongwa, lakini nyama yake ni ya nyuzinyuzi na maji, haina ladha. Yaani shamba zima linalimwa, linapaliliwa, linamwagiliwa maji, kwa ajili ya sura ya siku chache, halafu takataka. Kwetu, mama anakata majani yake ya kibwabwa akiyapika na karanga, anachemusha boga lenyewe kwa watoto asubuhi, na mbegu anakaanga au anaweka za kupanda. Boga halina kitu cha kutupa. Hapa Wamarekani ndio wangekuja kuketi kwenye kelasi yetu.

7. Kosa moja

Tulisema kwamba yale maneno mawili ya mukutano yana kosa moja. Aliyesema "shetani" na aliyesema "miaka elfu mbili" wote walitumia neno kubwa ili kufunga muzungumzo. Neno la kwanza linatisha, la pili linapigisha magoti, lakini hakuna kati yao aliyeuliza: nani alifanya, wapi, mwaka gani, na tunajua kwa njia gani?

Na sisi wa shirika hili la utamaduni tujiangalie. Mara ngapi tumeandika "tangu mababu zetu" juu ya kitu kilichoanza wakati wa ukoloni, au kilichotokea parokia, au ku kampi ya wafanyakazi? Desturi haikosi heshima kwa kuwa changa. Ile taa ya boga iko na miaka kama 200 yenye ushahidi, na watu wanaipenda hivyo. Kinachokosa heshima ni kuipa umri wa kuazima.

Kuhusu "shetani", jambo ni zito zaidi. Katika inchi yetu neno lile likimuangukia mutoto, haliishii ku masomo. Tunawajua watoto waliolala inje kwa sababu mutu mumoja aliwaita walozi. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumushitaki mutoto kwa uchawi, na sheria ya ulinzi wa mutoto ya tarehe 10 Januari 2009 inatoa azabu kwa mwenye kufanya hivyo. Mutoto aliyechora boga hakuwa mbali na hatari hiyo. Ilibaki hatua moja tu, na sisi watu wa diploma tulikuwa tumeketi pale.

Siku hizi, kila mwezi wa kumi, tunatoa somo moja juu ya boga: mbegu ya Oaxaca, nave ya Donegal, shairi la Whittier. Wanafunzi wanafanya hesabu wao wenyewe ubaoni. Kijana yule alikuwamo mara ya kwanza tulipolitoa. Mwishoni aliinua mukono akauliza: "Mwalimu, mbona siku ile hamukusema hivi?" Tulimujibu kweli, mbele ya kelasi nzima: kwamba hatukujua, na kwamba kutojua hakukuwa sababu ya kunyamaza, kwa maana kuuliza tungaliweza.